Uchambuzi wa kisa: Kabila la kubuni, kigoda kisicho na mtu, na mzee wa nne asiyepatikana kwenye simu

Mazingira ya kisa

Kisa hiki ni cha kundi dogo la waandishi na waigizaji wa mchezo wa redio, mji mmoja wa Tanzania ambao sitautaja. Majina ya watu, jina la kituo na hata jina la kabila walilolibuni nimeyabadilisha au kuyaacha kabisa, maana mchezo bado unaendelea na hawa watu wanaishi na wasikilizaji wao mtaa mmoja. Mimi sikuwa mwandishi wala mwigizaji, nilikuwa naletewa skripti nisome kabla hazijaingia studio, basi.

Mchezo ulikuwa wa kila wiki, nusu saa, unarushwa jioni halafu episodi inasambazwa wasap kwa waliokosa. Kabila lao la kubuni tuwaite Walukemba: wanaishi juu ya uwanda ulio karibu na ziwa, wanalima, wanafuga, wana uadui wa zamani na watu wa bondeni. Kiongozi wao anaitwa Mwenye Kigoda. Kwa nini walibuni kabila badala ya kutumia la kweli? Sababu yao ilikuwa nyepesi na ya busara: ukisema Wahehe au Wasukuma, kesho yake kuna mtu anapiga simu kukwambia babu yake hakuwa hivyo. Walidhani wakibuni watakuwa salama. Tutaona.

Hadi episodi ya tisa mambo yalikuwa matamu. Mwenye Kigoda mzee anaumwa, ana watoto watatu wa kiume kwa mama watatu, kuna dada yake (shangazi wa hao vijana) ambaye ndo anaendesha boma kimya kimya, na kuna wazee wanne wa mila. Pia kulikuwa na kisa kidogo pembeni cha mama mmoja mjane aliyeporwa shamba na shemeji yake, kesi yake imefika kwa Mwenye Kigoda inasubiri hukumu. Huyo mama wa shamba mkumbukeni.

Skripti ya kwanza: chui

Mzee akafa mwishoni mwa episodi ya tisa, na wasikilizaji wakaanza kutuma meseji nani anarithi. Mwandishi kiongozi akaja na ibada ya kurithi ambayo kwenye karatasi ilikuwa na kila kitu: vijana watatu wanapanda mlima usiku, kila mmoja na mkuki, wa kwanza kurudi na ngozi ya chui ndo Mwenye Kigoda mpya. Kisha anakunywa kitu kichungu kwenye kibuyu, ngoma inapigwa hadi asubuhi, anavalishwa ile ngozi, mwisho.

Kikao cha kusoma skripti kilianza watu wote wamefurahi. Aliyeharibu furaha ni dada aliyekuwa anashughulika na meseji za wasikilizaji, ambaye wala hakuwa kwenye timu ya uandishi. Aliuliza hivi: "Sasa hawa wakiwa mlimani wanatafuta chui, kesi ya yule mama wa shamba anaamua nani?" Watu wakacheka kwanza, halafu kimya, maana hakuna aliyekuwa na jibu. Siku zile zote kati ya kifo na ngozi ya chui nchi ilikuwa haina mtu, na skripti ilikuwa haijali.

Baada ya hapo mengine yakafumuka yenyewe. Kama chui ndo anaamua, basi episodi tisa za fitina za boma, za wake wenza, za shangazi na wazee, zote zilikuwa za bure, kwa sababu chui hahongwi. Pili kila msikilizaji alishajua ni kijana gani mwenye misuli. Tatu, na hili alilisema prodyuza ambaye ni mtu wa maneno machache, chui kwenye redio ni mtu mzima anakoroma karibu na maiki.

Niseme tu kuwa hili kosa ni la kawaida sana kwa watu wanaobuni makabila. Wanaanza na onyesho: damu, moto, mnyama mkali, mtihani wa maumivu. Kurithi uongozi katika jamii nyingi za kweli hakukuwa mashindano ya nguvu hata kidogo, kulikuwa ni shughuli ya kujibu maswali mawili matatu magumu. Nani ana haki ya kusema "ni huyu"? Nchi inashikwaje kabla hajasema? Na waliokosa wanafanywa nini ili wasirudi na mikuki?

Kikao cha pili na maamuzi yaliyofanyika

Walikutana tena Jumamosi nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu alete mfano wa kweli anaoujua, ila kwa masharti kwamba hakuna kunakili, unaangalia tu ule utaratibu ulikuwa unatatua shida gani. Hiki kikao kwangu mimi ndo moyo wa kisa chote.

Mmoja akaleta Buganda. Pale penye lango la ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wao, kuna moto unaowaka muda wote Kabaka akiwa hai, na akifariki unazimwa, na tangazo lenyewe ni kwamba moto wa Buganda umezimika, hakuna anayesema Kabaka amekufa. Huyo huyo akaongeza kwamba kwa mila yao mtoto wa kiume wa kwanza, anayepewa cheo cha Kiweewa, hatakiwi kurithi kabisa, kazi yake ni kuwa mlezi wa wenzake. Mwingine akadakia kwamba mbona mwaka 1888 Kiweewa mmoja alipanda kitini, na ni kweli alipanda, kwenye vurugu za dini za wakati ule, ila hakumaliza hata miezi mitatu.

Mwingine akaleta Rwanda ya 1959, na hapo ndo kikao kilibadilika. Mwami (mfalme) Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura (Bujumbura ya leo) tarehe 25 Julai 1959, hana mtoto. Wakoloni wa Kibelgiji walikuwa na mawazo yao kuhusu nini kifuate. Siku tatu baadaye, pale Mwima karibu na Nyanza, kwenye mazishi, wenye siri za ufalme, wale abiru, wakasema mila hairuhusu mfalme kuzikwa kabla mrithi hajatajwa, na wakamtaja mdogo wake kwa baba, Ndahindurwa, akawa Kigeli V. Palepale kaburini, Wabelgiji wakiwa wamesimama wanaangalia. Nani angebisha? Siri za ufalme zilikuwa kichwani mwa abiru na si mahali pengine popote. Hakuna mtu aliyeweza kwenda kufungua daftari akahakikishe.

Ya tatu ilikuwa Asante kule Ghana, ambako mama mkuu ndiye anayependekeza jina la Asantehene, yaani mfalme, wakubwa wengine wana nafasi ya kukataa, na mwaka 1999 aliyependekezwa akawa mwanawe wa kumzaa, Osei Tutu II. Kile kigoda chao cha dhahabu hakikaliwi na mtu yeyote hata mfalme mwenyewe, anashushwa juu yake bila kukigusa. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza, Hodgson, alipodai aletewe kigoda hicho, Yaa Asantewaa akawaongoza watu vitani.

Na mmoja, mwenyeji wa Tanga, akaleta Vuga, makao ya zamani ya wafalme wa Usambaa. Kimweri ye Nyumbai wa Usambaa alitawala muda mrefu mno hadi mtoto aliyeandaliwa kurithi akafa kabla yake. Alipofariki yeye, miaka ya 1860, kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, huku baba zake wadogo wakiwa watu wazima na wamekaa kwenye maeneo yao wana nguvu zao. Mmoja wao, Semboja aliyekuwa Mazinde kwenye njia ya misafara, mwenye bunduki, hakukubali, na nchi ikaingia kwenye vita iliyokaa miaka. Utaratibu ulifuatwa vizuri tu, ila ulikuwa umetengenezwa zamani za kabla ya bunduki za biashara.

Kutoka hapo wakafanya maamuzi haya, na nitayasema pamoja na sababu zao.

Kwanza, moto. Kwenye boma la Mwenye Kigoda kuna moto, akifa unamwagiwa maji, na vijiji vyote vinazima mafiga mpaka mpya atajwe. Sababu haikuwa urembo, sababu ilikuwa redio: walihitaji sauti moja ambayo msikilizaji akiisikia anajua nchi haina mtu bila msimulizi kueleza. Waliirekodi uani nyuma ya studio, sufuria kuukuu la ubwabwa likiwa limejaa makaa, prodyuza ameshika maiki kwa fimbo, kijana mmoja anamwaga maji kwa kikombe cha plastiki. Mara ya kwanza ilitoka kama mtu anakaanga samaki. Wakabadili makaa yakawa mengi, maji yakawa ndoo nzima, moshi ukafunga uani na mlinzi wa jirani akaja kufoka kwamba wanachoma nini saa hizi. Ile ya ndoo ndo iliyotumika, na ukisikiliza kwa makini mwishoni kabisa kuna mlinzi anakohoa.

Pili, siku za giza. Kuanzia moto uzimwe hadi uwashwe tena, hakuna kesi inayoamuliwa, hakuna deni linalodaiwa, hakuna ndoa. Hili lilikuwa jibu la swali la mama wa shamba: hakuna anayeamua, na wote wanajua hakuna anayeamua, na wezi wa ng'ombe kutoka bondeni nao wanajua. Ghafla kuchelewa kumtaja mrithi kukawa na gharama.

Tatu, mtoto wa kwanza harithi. Walimpa kazi ya kukaa kizingitini na kuulinda mlango wa boma siku za giza. Yaani yule ambaye hawezi kupata kitu ndo aliyeshika mlango. Waandishi walifurahia hii mpaka wakaanza kugombania nani amuandikie mistari.

Nne, wazee wanne na neno la kigoda. Kila mzee anashika kipande kimoja cha maneno, alipewa na baba yake, hakuna anayejua cha mwenzake. Kaburini kabla ya kuzika wanasema kwa zamu, wa kwanza anaanza, wa pili anadaka, wa tatu, na kipande cha mwisho ndicho chenye jina, ambalo mzee wa nne alinong'onezwa na marehemu mwenyewe. Kigoda kinakuwa pale, hakikaliwi, kimefunikwa kaniki.

Shangazi kwenye skripti hii alipewa kazi ya kupiga vigelegele jina likitajwa.

Kurekodi, na yaliyotokea

Mama aliyeigiza shangazi ni mtu mzima, aliwahi kufundisha shule ya msingi, anaheshimika pale. Kwenye mazoezi alisoma sehemu yake, akageuza karatasi aone kama kuna nyuma, hakuna, akavua miwani. "Wanangu, mimi episodi tisa nimeendesha hili boma. Nimemlisha mgonjwa, nimefukuza mganga tapeli, nimepatanisha wake wenza. Leo siku ya kazi yenyewe mnaniambia nipige vigelegele?" Wakamwambia mama samahani tutaangalia, kwa lile jibu la kumtuliza mtu mzima, na hawakuangalia kitu.

Siku ya kurekodi tukio la kaburini, mzee wa nne hakuja. Alikuwa dereva na alikuwa amepata safari ya ghafla, simu inaita halafu inakata, halafu haipatikani kabisa. Studio ilikuwa imelipiwa, muda ni ule ule, na episodi inatakiwa kuruka keshokutwa. Wakawa na njia tatu. Mtu mwingine aige sauti yake: prodyuza akakataa, kwa hoja kwamba wasikilizaji wa redio wanajua sauti kuliko wanavyojua sura za ndugu zao, watatukana. Warushe marudio ya episodi ya zamani: kituo kingekubali, ila wiki ya msiba wa Mwenye Kigoda ukirusha marudio umejiua. Ya tatu, mzee wa nne afe.

Wakamuua. Usiku wa kuamkia mazishi anakutwa amekufa nyumbani kwake, hana mtoto wa kiume mkubwa wa kupokea kipande chake. Kwa hiyo kaburini mzee wa kwanza anasema, wa pili anadaka, wa tatu anamalizia, na sentensi inabaki hewani, imekatika pale pale ambapo jina lilitakiwa liingie. Mwili uko juu ya udongo, hauwezi kushuka. Mafiga ya nchi nzima yamezimwa.

Halafu nani aseme? Walikaa kama dakika kumi wanabishana kwenye korido, na aliyetatua ni yule dada wa meseji tena. Akasema, si shangazi ndo alikuwa anamuuguza marehemu? Si alikuwa chumbani? Wakamwangalia mama mwigizaji, naye amekaa kwenye benchi anakunywa chai yake kama hayamhusu. Mistari iliandikwa kwa kalamu nyuma ya ile ile karatasi yake iliyokuwa haina kitu nyuma. Shangazi anajitokeza, anasema kipande cha nne anakijua, alikisikia ukutani kaka yake akimnong'oneza mzee. Anamtaja kijana wa tatu, mdogo, mpole, ambaye hata wasikilizaji walikuwa wamemsahau. Mzee wa tatu anamuuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Bibi wa boma, una uhakika?" Naye anajibu, "Wewe una uhakika gani na cha kwako?" Hilo jibu halikuandikwa na mtu. Mama alilitoa palepale, na prodyuza alikuwa na akili ya kutokuzima mashine.

Matokeo

Meseji zilikuja nyingi kuliko wiki yoyote kabla ya hapo, na karibu zote zilibishana kuhusu jambo moja, shangazi kasema kweli au kadanganya. Watu walikuwa wanaleta ushahidi kutoka episodi za nyuma ambao waandishi wenyewe hawakuujua, mtu anakwambia episodi ya saba shangazi alitoka chumbani kabla mzee hajaingia, nendeni mkasikilize. Waandishi walikubaliana wasijibu.

Hilo ndo zuri. Baya lilikuja kwa simu, siku mbili baada ya episodi. Kwenye tukio la kuwasha moto mpya, mzee wa kwanza alikuwa anaomba dua ya mizimu, na mwandishi mmoja kijana badala ya kubuni alikuwa ameweka maneno ya tambiko la kwao kabisa, ya nyumbani kwa bibi yake, akabadilisha majina mawili tu. Yalisikika mazuri kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mzee mmoja wa hilo kabila la kweli alikuwa anasikiliza redio dukani. Akapiga kituoni, hakufoka, alisema tu kwamba maneno yale hayasemwi jioni, hayasemwi kukiwa na watoto, na hayasemwi na mtu asiyehusika, na sasa yamesemwa jioni kwenye redio ya duka la sabuni, je wanataka yeye afanye nini?

Uamuzi wa kundi: wakamwendea mzee na kijana mwenyewe akiwepo, wakaomba radhi, marudio ya episodi hiyo yakasimamishwa, dua ikarekodiwa upya kwa maneno ya kubuni, na iliyosambaa wasap wakaomba watu waifute, ingawa kila mtu anajua kitu kikishaingia wasap hakifutiki. Mzee alipokea radhi. Hakusema ameridhika.

Na mama wa shamba? Moto uliwaka, kesi zikafunguliwa, na yeye hakutajwa tena hadi msimu ukaisha. Walimsahau. Mtu mwenye kesi iliyozaa utaratibu mzima wa siku za giza hakuhukumiwa. Kuna msikilizaji mmoja alikuwa anauliza kila wiki, meseji ile ile, "yule mama je?"

Nini kilifanya kazi

Kitu kilichookoa huu mchezo, kwa maoni yangu, ni kwamba utaratibu wa pili ulikuwa na matundu ya kupitishia udanganyifu, na matundu yenyewe yanajulikana yalipo. Ibada ya chui haina tundu: chui amekufa au hajafa. Ibada ya wazee wanne ina tundu kubwa kama mlango, maana ukweli wote uko vichwani mwa watu wanne, na watu wanakufa. Ndiyo maana dereva alipopata safari ya ghafla hadithi haikubomoka, ilikuwa imeshajengwa kwa namna ambayo kukosekana kwa mtu mmoja ni tukio. Jaribu kuondoa mwigizaji mmoja kwenye ile skripti ya chui uone: inakuwa mlima ule ule na vijana wawili.

Na hapo Mwima ya 1959 iliwasaidia hata kama hawakuinakili. Walichojifunza hakikuwa mavazi wala ngoma, ilikuwa ni lile banio: mwili hauwezi kuzikwa mpaka jina litoke. Ukishaweka banio kama hilo, hakuna anayeweza kusema tutakutana wiki ijayo. Tofauti yake unaiona Eswatini. Mfalme Sobhuza II alifariki Agosti 1982 na Mswati III akatawazwa Aprili 1986 akiwa na miaka 18, katikati nchi ilishikwa na mama malkia, wa kwanza akaondolewa mwaka 1983, akawekwa mwingine ambaye ndiye mama wa mrithi. Hiyo nayo ni hadithi nzuri sana ila ni ya aina nyingine, ya subira na njama za polepole, haingii kwenye nusu saa moja.

Kumnyima mtoto wa kwanza pia kulifanya kazi, lakini zaidi kwa sababu walimpa kazi na siyo kumnyima tu. Kijana aliyenyimwa akaachwa hivi hivi ni adui wa kawaida. Aliyenyimwa halafu akapewa mlango, kila neno lake linakuwa na uzito, hata "karibuni" yake unaisikiliza mara mbili.

Sauti ya moto nayo. Baada ya episodi mbili hakuna msikilizaji aliyehitaji kuambiwa.

Nini kilifeli, na kwa nini

La dua nalichukulia kuwa ndo kubuni kwenyewe kulikoshindwa, na haliishii kwenye adabu. Walibuni kabila ili wasimguse mtu, halafu walipofika mahali pagumu zaidi, pale ambapo kabila la kubuni linatakiwa lisali kwa maneno yake lenyewe, wakakopa kwa watu wa kweli bila kuuliza. Wengi hufanya hivi kwa sababu sala ndo kitu kigumu kuliko vyote kubuni. Sheria ya kurithi unaweza kuichora kwenye karatasi mchana mmoja. Maneno ambayo watu wameyasema vizazi kumi huwezi, yatasikika mapya tu. Njia waliyoipata baadaye naipenda: dua mpya walimpa yule yule mama mwigizaji aitunge kwa kusema, bila kuandika, wakarekodi mara nyingi, wakachagua sehemu alipoanza kuchoka na kukatakata maneno. Ilisikika ya zamani kwa sababu ilikuwa imechakaa mdomoni mwake asubuhi ile.

Pia kulikuwa na kwamba ibada nzima ilikuwa ya boma. Vijiji vilizima mafiga, sawa, ila hatukuingia jikoni kwa mtu hata mmoja kusikia watoto wanalala na njaa kwa siku ngapi, au jirani gani ameficha kaa la moto chini ya chungu. Hiyo ingekuwa episodi nzima! Na mama wa shamba angekuwa humo humo. Waandishi walipopata wazee, vigoda na siri, wakanogewa na wakubwa, kama tunavyonogewa wote. Tanganyika mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, na bado mtu akiandika kuhusu "mila" mkono unakwenda wenyewe kwenye kiti cha chifu, mafiga ya watu wa kawaida yanabaki nje ya hadithi.

Kitu cha mwisho kilichofeli hakikuonekana msimu ule. Walitengeneza njia ya kumwingiza kiongozi, hawakutengeneza ya kumtoa akiwa hai. Waoromo wa Ethiopia, wakiwemo Waborana walioko hadi Marsabit Kenya, kwenye mfumo wao wa Gadaa uongozi unakabidhiwa kila baada ya miaka 8, mtu yuko hai na anaondoka, na mfumo huo uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2016. Kwenye kikao cha Jumamosi kuna aliyeutaja, wakasema hauna msiba ndani yake kwa hiyo hauna drama. Mimi nadhani walikosea sana hapo. Mtu anayejua tarehe yake ya kuondoka, na anayemjua atakayempisha, ana drama ya miaka 8.

Walipofikia

Msimu wa pili umeanza kurekodiwa. Kijana mpole aliyetajwa kaburini amekufa kwa homa na ameacha mtoto wa kiume wa miaka minne. Kuna mtu aliwakumbusha kwamba Toro kule Uganda, mwaka 1995, mfalme Oyo alitawazwa akiwa na miaka mitatu, na ikabidi kuwe na walezi wa kushika mambo mpaka akue. Kwa hiyo safari hii wameanza na hilo, nani mlezi, anakaa muda gani na ananyang'anywa vipi madaraka muda ukifika, kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa ngoma. Anayetajwa kuwa mlezi ni shangazi, na mtoto wa kwanza bado yuko mlangoni. Dereva amerudi na anataka nafasi, wamempa sauti ya mzee wa bondeni kwa sharti abadilishe lafudhi. Episodi ya kwanza inafungua na mama wa shamba anaingia bomani na shemeji yake nyuma, anaulizia kesi yake.